Kiatu cha Mtu Anayefanya Kazi Majini

Bote la mpira linalouzwa sokoni Kolwezi, Kongo, lina kasoro ambayo muuzaji haitaji. Limetengenezwa kwa mtu anayetembea juu ya ardhi iliyolowa, si kwa mtu anayesimama ndani ya maji. Kina kisipofika ukingoni pa bote, mambo ni shwari. Kikizidi hata kwa upana wa kidole, ule mpira uliozuia maji yasiingie ndio sasa unayazuia yasitoke.

Mwangalie basi mama anayeosha mawe ya kobalti Ziwa Malo, jirani na Kapata. Maji yamempita magoti. Ameshika chekeche kwa mikono miwili, anaitikisa, anaizungusha, udongo unakwenda na maji na mawe meusi ya heterojeniti, yenye kobalti, yanabaki. Anainama tena, anajaza, anatikisa. Miguuni, mwenye bote amebeba maji ndani yake, mwenye babushi anazitafuta kwenye matope kwa vidole, na wengi hawana kitu.

Watu wanaoingia majini kwa raha zao wamehudumiwa vizuri zaidi. Wapo wanaovaa mapezi ya kuogelea yenye bawaba: mpiga mbizi akitoka majini anayainua yakalala kwenye muundi, akatembea kama mtu mwingine yeyote. Wapo wenye viatu vya kuendeshea mitumbwi, vilivyotobolewa pembeni maji yatoke, na soksi za neoprini zinazotunza joto. Vitu hivyo vina historia na hesabu zake, na naamini hesabu hizo zinatufaa sisi wa jimbo la Lualaba kuliko hata wateja waliokusudiwa.

Historia ya mapezi haikuanzia kiwandani. Benjamin Franklin, mzaliwa wa Boston wa mwaka 1706, alipokuwa kijana mdogo alijichongea vibao viwili vyenye tundu la kidole gumba, akavishika mikononi ili asukume maji mengi zaidi. Kasi iliongezeka, vifundo vya mikono vikachoka. Alijaribu pia kufunga kitu mfano wa ndara kwenye nyayo, lakini hakuridhika, kwa kuwa aliona mwogeleaji husukuma maji kwa upande wa ndani wa mguu na kwa kifundo pia, wala si kwa unyayo peke yake. Mwaka 1933 ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Ufaransa, Louis de Corlieu, alipata hataza ya mapezi ya mpira. Mmarekani Owen Churchill, bingwa wa mashua za tanga katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1932, alikuwa amewaona vijana wa Tahiti wakiogelea na mapezi ya mpira waliyojitengenezea. Akanunua haki kutoka kwa de Corlieu na kuanza kuyauza Marekani mwaka 1940. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, wapiga mbizi wa jeshi wakayachukua.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ili uende mbele lazima usukume maji nyuma. Unaweza kusukuma kilo 10 za maji kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, au kilo 20 kwa mita 1 kwa sekunde. Msukumo unaopata ni uleule, maana 10 mara 2 ni 20, na 20 mara 1 ni 20. Nishati haiendi hivyo. Yenyewe hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo njia ya kwanza inakula jouli 20 na ya pili jouli 10 tu. Unyayo mtupu hunasa maji kidogo na kuyarusha kwa pupa. Pezi hunasa mengi na kuyasukuma taratibu. Mengine yanayoandikwa kwenye boksi la mapezi ni biashara.

Hata hivyo pezi pana na gumu mno humkaza mtu kigimbi, na lililo laini mno hupinda lote bila kusukuma chochote. Ugumu unaofaa kwa mwendo wa pole haufai kwa mwendo wa kasi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walitangaza samaki wa roboti ambaye mkia wake hukazwa na kulegezwa kwa kitu kinachofanya kazi ya kano. Mkia uliobadilika kulingana na kasi ulimwezesha kutumia karibu nusu ya nishati aliyotumia roboti huyohuyo akiwa na mkia wa ugumu mmoja. Wazo hilohilo la kubadilika lipo kwenye vifaa vya majini vinavyorekebishika: mikanda ya kisigino inayovutwa, mapezi yanayokunjwa, soli zinazovuliwa.

Na kazi ya kuosha mawe inabadilika kila baada ya dakika chache. Mama yule wa Ziwa Malo anaingia, anasimama, anajipinda kiuno na miguu imekita chini, kisha anapandisha kiroba kwenye ukingo unaoteleza. Haogelei hata kidogo, kwa hiyo pezi lenyewe halimfai; somo la kubadilika ndilo linalomfaa. Kwake kinachohitajika ni maji yasimkwamishe, chini pasimtelezeshe na ngozi isimharibikie.

Tuanze na maji. Watu husema bote lililojaa linamzamisha mtu. Hapana. Maji yaliyo ndani ya bote yana uzito uleule kwa ujazo kama yaliyo nje, kwa hiyo mguu ukiwa chini ya maji hayamvuti mtu popote. Taabu ipo anapotembea, kwa kuwa kila hatua anayaanzisha mwendo na kuyasimamisha, na ipo zaidi anapotoka. Bote likibakiwa na lita 2, mguu unapoinuka nje ya maji umeongezewa kilo 2, na mwingine vilevile. Ongeza kiroba cha mawe begani na ukingo wa udongo uliolowa, utaelewa kwa nini watu huyavua mabote na kuyaacha juu.

Dawa yake ilijulikana zamani. Buti za jeshi la Marekani zilizotengenezwa kwa ajili ya misitu ya tropiki ziliwekewa vitundu vya chuma upande wa ndani, karibu na soli, maji yajitoe kila mtu anapokanyaga. Mkandamizo wa unyayo ndio pampu. Aliyebuni kiatu hicho alikubali kwamba maji yataingia tu, akashughulikia njia ya kutokea. Mafundi wetu hawajaanza kuwaza hivyo, na wauzaji wa mabote hawana sababu ya kuwahimiza.

Matope ni suala jingine. Unyayo bapa ukizama kwenye tope zito na kuvutwa juu, chini yake kunabaki nafasi isiyo na kitu cha kuijaza, na shinikizo la hewa iliyo juu linaukandamiza usitoke. Hapo ndipo babushi hukatika na bote kubaki peke yake. Mwalimu wa jambo hili yuko kwenye mto wetu wa Lualaba, chini yetu. Mto huo ukishatoka bwawa la Nzilo hushuka kaskazini mpaka kwenye mabwawa ya Upemba, penye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1939. Kwenye matete ya namna hiyo huishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu nyembamba ambazo nusu zake mbili hutanuka zinapokanyaga, uzito ukasambaa, kisha hukutana zinapoinuliwa na kupita kwenye tope bila kung'ang'aniwa. Kwenye ardhi kavu nzohe hutembea kwa shida. Kwato zake zimefanywa kwa ajili ya mahali pamoja. Kwa binadamu, kiatu kinachoiga tabia hiyo kinahitaji soli iliyochanwa mifereji mirefu toka kidoleni hadi kisiginoni, ili maji yapenye chini yake mguu unapovutwa. Wembe mkali na subira vinatosha kuifanya.

Utelezi nao una mtego. Wavuvi wa mito ya milimani waliwahi kupenda sana soli za sufu iliyoshindiliwa, kwa sababu hushika jiwe lenye ukungu kuliko mpira. New Zealand ilizipiga marufuku mwaka 2008, baada ya kuona mwani vamizi unasafiri ndani ya nyuzi zake kutoka mto hadi mto. Kolwezi tatizo lisingekuwa mwani. Soli ya aina hiyo ingejaa vumbi la madini, na mvaaji angelipeleka nyumbani kila jioni mpaka mlangoni mwa jikoni. Mpira laini unaosafishika ni bora, hata kama unashika kidogo pungufu.

Ngozi ndiyo isiyozungumzwa, kwa kuwa madhara yake hayaonekani siku ileile. Mguu ukikaa majini muda mrefu ngozi hukunjamana. Wengi hudhani imelowa tu na kuvimba. Madaktari waliona tangu miaka ya 1930 kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani, maana yake ni mwili wenyewe unaoibana mishipa ya damu, na utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vidole vilivyokunjamana hushika vizuri zaidi vitu vilivyolowa. Kwa muda mfupi, basi, ni msaada. Saa zikizidi, ngozi hulainika, hupauka na kuchanika kwa kokoto ndogo tu. Kobalti ni miongoni mwa metali zinazojulikana kuleta mzio wa ngozi, na ngozi iliyochanika haina mlango wa kuizuia. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha matokeo ya vipimo vya mtaa wa Kasulo, hapahapa mjini: kobalti ilikuwa nyingi kwenye mkojo wa wakazi, hasa watoto. Hao hawakuwa wamesimama majini, walikuwa wanaishi tu karibu na mashimo.

Halafu kuna baridi, ambayo mgeni hawezi kuiamini. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai maji yanauma. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 ya hewa ya joto lilelile. Soksi ya neoprini haizuii maji kuingia. Hubakiza tabaka jembamba karibu na ngozi, mwili ukalipasha moto, na povu la neoprini likalinda joto lisitoroke. Tena humkinga mtu dhidi ya kokoto.

Kiatu kamili, kwa hiyo, kinaweza kuelezwa. Soli ya tairi kama ya katambuga, iliyochanwa mifereji. Pua iliyofunikwa, vidole visigonge mawe. Juu, wavu mgumu badala ya mpira mzima, na matundu pembeni karibu na soli. Mkanda wa kisigino wa mpira wa ndani ya tairi, unaovutika kwa mkono uliolowa, ili kiatu kimoja kivaliwe na soksi wakati wa baridi na bila soksi wakati wa joto. Ukiacha neoprini, hakuna kitu hapo ambacho fundi wa Kolwezi hakipati mtaani. Tairi ndizo zilizojaa.

Kule Paje, Unguja, ambako ukulima wa mwani ulianza mwaka 1989, wapo wanawake wanaoingia baharini na raba kuukuu kukwepa miiba ya urumba. Nao wamejitafutia suluhisho kwa kilichopo. Wanawake wa mwani na wanawake wa kobalti wana haja ileile, na sijasikia kiwanda kilichowahi kuwauliza lolote.

Niseme wazi kuhusu watoto. Mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalieleza mwaka 2016 jinsi watoto walivyofanya kazi hii ya kuokota na kuosha mawe. Sheria inawakataza, na ni haki. Mtu asishone kiatu cha namba 32 akadhani amesaidia. Mtoto ni wa shule.

Lakini watu wazima watakuwa majini kesho asubuhi, na zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Vyama vya ushirika vya wachimbaji na madepo ya kununulia mawe ya soko la Musompo hutoza na kukata hiki na kile kwenye kila kiroba. Bei ya jozi moja ya kiatu nilichoeleza haiwezi kuwatikisa. Nawaomba waanze na jozi chache: wampe kazi fundi katambuga mmoja, wawaite wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi wapime uzito wa mguu ukitoka majini na hali ya ngozi jioni, kisha wawaulize wanawake wenyewe wanaoosha pabadilishwe wapi kabla ya kushona jozi ya pili.