Nyumba Iliyopata Afua

Wapo wageni wanaofika Unguja, wakaalikwa kwenye maulidi ya nadhiri, wakarudi kwao wakisema kwamba Waswahili hupika pilau kwa kisingizio chochote. Wapo na wa kwetu, vijana waliorudi kutoka masomoni nje, wanaosimama mbele ya mama zao na kuwaambia kuwa shughuli ile ni uzushi, kwamba shukrani inatosha kwa sijda moja chumbani. Wale wa kwanza siwalaumu sana: wameliona sinia, hawakukiona kilichowaleta watu kwenye sinia. Hawa wa pili ndio wanaoniuma, maana wamekula nadhiri hizo tangu utotoni.

Nadhiri huanza penye dhiki. Mtoto kashikwa na degedege usiku, mume hajarudi baharini na kusi inavuma, binti yuko chumba cha upasuaji. Mama huinua mikono: Mola wangu, ukiniondolea hili nitachinja mbuzi, nilishe watoto wa chuo cha Kurani, nisomeshe maulidi. Aghalabu huyasema mbele ya dada au jirani, ili awepo wa kumkumbusha, kwani mtu akishapumua husahau upesi. Tangu saa ile ni deni. Nimewaona wazee wakiusia nadhiri zao pamoja na madeni ya dukani, wana wao wazilipe. Na anayeuliza asili ya jambo hili asome Surat al-Insan, imewasifu wanaotimiza nadhiri.

Wanaotuona walafi wajue pia kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, nyama ya mbuzi wa nadhiri hailiwi na aliyeweka nadhiri. Mama aliyeshika mwiko tangu alfajiri, moshi umemjaa machoni, hauonji mchuzi wake. Chumvi anaionja jirani. Watoto wa chuo huja na mwalimu wao, wakakaa watano watano kwenye masinia, wakala mpaka ukoko, na yeye amesimama mlangoni anawatazama. Furaha ile ya kumwangalia mwana wa mwenzio akishiba kwa ajili ya mwanao aliyepona, sijui ni nani angeiita ulafi.

Alasiri huwa zamu ya kina mama. Majamvi yametandikwa mpaka uani, wageni wanaingia na kanga zao mpya, vikuba vya asumini na mrehani vimebandikwa kifuani, chetezo kinapita mkono kwa mkono na kila mmoja anajifukiza. Kitabu cha Barzanji, kilichotungwa Madina katika karne ya 18, husomwa kwa kupokezana: huyu mlango huu, yule ule, na baina yake wote wanaitikia kwa kumswalia Mtume. Ukifika wakati wa kiyamu watu husimama, marashi yakanyunyizwa vichwani, na sauti zikapanda. Mimi nimekulia katika harufu hiyo. Nikisikia udi na marashi pamoja, popote nilipo, najua kuna mtu ameokoka.

Lakini kiini chake ni dua ya mwisho, pale inapotajwa nia. Mwenye shughuli humnong'oneza msomaji, naye huitoa kwa sauti: mtoto wa fulani alikuwa taabani, madaktari wamehangaika, Mwenyezi Mungu amempa afua. Nyumba nzima huitikia amini, kisha vigelegele. Na wanaoitikia ni nani? Ni yule aliyekopesha nauli ya kwenda hospitali, aliyelala sakafuni wodini, aliyeleta uji kila asubuhi. Dhiki waliibeba wao pia. Shukrani ya chumbani inamfikia Mungu, sina shaka nayo, ila hawa watajuaje kuwa wameutua mzigo?



Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na mamia wengine hawakurudi. Katika ukoo wetu yumo mwanamke aliyetolewa majini akiwa hai, na mama yake alikuwa ameweka nadhiri usiku uleule, kabla ya kupata habari yoyote. Nyumba ya tatu kutoka kwao walikuwa kwenye matanga. Nadhiri ikasubiri. Hakuna aliyewaambia wasubiri. Walingoja mpaka arobaini ya wenzao ipite, wakaenda kuomba ruhusa, na siku ya maulidi wakaanza kwa kuwasomea khitma waliozama. Dufu halikupigwa. Mama wa nyumba iliyofiwa alikuja, akakaa karibu na yule binti, na ilipotajwa nia akaitikia amini kwa sauti kubwa kuliko wote. Anayeniambia desturi hii ni upuuzi nataka anioneshe nyingine inayoweza kuwakalisha watu hao wawili jamvi moja.

Sasa naona afua ikitangazwa kwa picha ya simu: mgonjwa kitandani, ameinua dole gumba, chini yake alhamdulillahi mia kutoka kwa watu wasiomjua. Nadhiri zinalipwa kwa biriani ya hoteli iliyofungwa kwenye visanduku na kugawiwa mlangoni, au kwa pesa iliyotumwa kwa simu kwenda kituo cha mayatima mji mwingine. Sadaka ni sadaka, na mayatima wanaihitaji. Ila mwalimu wa chuo wa mtaani kwetu haitwi tena, na watoto wake hawajui hata nyumba ipi ilikuwa na mgonjwa. Aliye mbali, kazini Muscat au London, atume pesa, lakini amtumie dada yake aliye hapa, anunue mbuzi, awaite watu, na nia itajwe.