Deni la URA limekuzidi? Soma hapa kabla ya kukopa

Mkimbizi anayefanya biashara Uganda anatakiwa kulipa kodi kama mwenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi na biashara, na sheria hiyo hiyo inasema mwenye kipato alipe kodi. (Tunasema kodi ya serikali, si kodi ya nyumba.) Lakini msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 na tena 2025, maduka mengi ya Kashojwa na vijiji vingine vya Nakivale yalibaki na daftari la madeni na wateja wasio na pesa. Ukiongeza ugonjwa au msiba, kodi inasahaulika.

Kwanza, usitishwe na jumla. Waombe Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), ofisi ya Mbarara, wakuonyeshe deni lako limegawanyika vipi: kodi yenyewe ni kiasi gani, riba kiasi gani, faini kiasi gani. Biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 10 kwa mwaka hailipi kodi ya mapato. Mauzo yakiwa kati ya milioni 10 na milioni 30, na huna vitabu vya hesabu, kodi ni 80,000 kwa mwaka. Si kubwa. Kinachoumiza ni faini ya kutopeleka taarifa ya mapato ya mwaka, ambayo ni angalau 200,000 kwa kila mwezi wa kuchelewa, pamoja na riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya kodi isiyolipwa. Hata duka lililofungwa linaweza kuendelea kuzaa deni kama hukuwaambia URA kwamba umefunga.

Hapo ndipo nafuu ilipo. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2025, riba na faini zilizokuwepo hadi 30 Juni 2024 zinafutwa ukilipa kodi yenyewe kabla ya 30 Juni 2026 kuisha. Ukilipa nusu ya kodi hiyo, nusu ya riba na faini inafutwa. Kwa hiyo usikope kwa watu wa riba ili ulipe jumla yote. Tafuta ile kodi ya msingi tu.

Hata hiyo ikikushinda, andika barua kwa Kamishna ukiomba kuongezewa muda au kulipa kidogo kidogo. Omba kiasi unachokiweza kweli, kwa sababu ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa mara moja.

Njia ya mwisho ni kuomba kodi yenyewe isamehewe kwa sababu ya hali ngumu. Kamishna akikubali hoja yako, anaipeleka kwa Waziri wa Fedha, na ni Waziri anayeamua. Ni njia ndefu, wala si haki ya kila aombaye. Inahitaji ushahidi: karatasi za hospitali, ripoti ya polisi kama duka liliungua au kuibiwa, cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa kijiji, nakala ya kitambulisho cha mkimbizi. Tafuta mtu akuandikie kwa Kiingereza, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Kama unaona hesabu yenyewe si sahihi, hilo ni pingamizi, si ombi la huruma. Una siku 45 tangu kupokea makadirio.

Msamaha huu haugusi leseni ya biashara wala ushuru wa soko. Hizo ni za serikali ya mitaa, wilaya ya Isingiro.

Usimpe mtu yeyote pesa mkononi, hata akisema anatoka URA. Malipo yanapita benki au kwenye simu kwa namba ya malipo, PRN, inayotolewa na URA. Namba yao ya bure ni 0800 117 000.