Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko na kilio walivyoshindwa kuvizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, walimu hawakupatwa. Uchunguzi wa kitabibu haukugundua sumu wala viini vya maradhi. Wataalamu waliiita hali hiyo histeria ya kundi: dhiki ya moyo hujidhihirisha mwilini, kisha huenea miongoni mwa wenye maisha ya namna moja waonapo wenzao. Huo si uigizaji, wala si ile kasoro ya hulka impelekayo mtu kutafuta kutazamwa daima. Mwanafunzi aliyepatwa hastahili adhabu. Ahitaji utulivu na kutengwa kwa upole na watazamaji.