Malaika ya Boney M. na jina la mtunzi

Mwaka 1981 disko la Ulaya liliimba Kiswahili. Boney M., kundi lililokwisha kutikisa kumbi kwa Daddy Cool na Rasputin, lilitoa albamu ya Boonoonoonoos, na humo likaweka Malaika. Kwa Ujiji, mji wa Kigoma uliopokea Kiswahili kutoka pwani kwa njia ya misafara na kukivusha ziwa hadi Kongo, hiyo ilikuwa safari nyingine ya lugha yetu, safari hii ikipitia studio ya Ujerumani.

Enzi za Boney M. zilikuwa ngumu kwa mpenda santuri wa Tanzania. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Kazi za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa 1983. Katikati vikaja Vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika. Kigoma nayo iko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Santuri moja ikawa mali ya mtaa mzima. Ilirekodiwa kwenye kanda, kanda ikarekodiwa kwenye kanda nyingine, hadi sauti ikaanza kukwaruza. Kilichopotea njiani ni lebo, ile karatasi ya duara katikati ya santuri, ambayo chini ya jina la wimbo humtaja mtunzi kwa herufi ndogo. Juu ya kanda paliandikwa kwa kalamu: BONEY M., basi. Msikilizaji alimjua anayeimba, hakumjua aliyetunga.

Na kwa Boney M., aliyetunga ndiyo habari yenyewe. Kundi liliundwa na produza Mjerumani, Frank Farian. Liz Mitchell na Marcia Barrett walizaliwa Jamaica, Maizie Williams Montserrat, Bobby Farrell Aruba. Sauti nzito ya kiume iliyosikika kwenye santuri haikuwa ya Farrell, aliyewapagawisha watu kwa kucheza jukwaani. Ilikuwa ya Farian. Rivers of Babylon, iliyovuma 1978, ilirekodiwa kwanza mwaka 1970 na The Melodians wa Jamaica, kwa maneno ya Zaburi ya 137. Ma Baker imejengwa juu ya wimbo wa asili wa Tunisia. Farian alikuwa na sikio kali na mkono wa kazi, lakini sehemu kubwa ya utamu ule ilitoka kwa watu wa mbali na Ulaya.

Malaika ni mfano wa karibu zaidi na sisi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kusema ni wake. Mtanzania Adam Salim, aliyewahi kuishi Nairobi, alidai aliutunga miaka ya 1940. Miriam Makeba akauzungusha duniani, Boney M. wakafuata. Fadhili alifariki 2001 na ubishi haujaisha. Inauma: wimbo wa kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mahari umezunguka dunia nzima, na bado watu wanabishana nani alistahili kulipwa.

Somo hili linaihusu Kigoma moja kwa moja. Mkoa huu una vipaji. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya hapa waliungana kuimba Leka Dutigite. Mwimbaji anayerekodi leo Mwanga au Ujiji asidhani wimbo ukishapita msimu umekufa. Rasputin ya 1978 ilirudi kwenye chati mwaka 2021, baada ya DJ Majestic wa Uingereza kuitengeneza upya. Miaka 43 ni mingi. Makubaliano ya mdomo hayafiki huko. Sheria ya Hakimiliki inayotumika sasa ni ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kusajili kazi. Kabla wimbo haujatoka, andikeni nani katunga maneno, nani kaweka muziki, lini, na nani ana mgao gani, kisha mkausajili.