Kifua Kikuu Kilichovuka Bahari na Sili

Mifupa ya kale ya Peru iliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Pingili za uti wa mgongo zilizolika na kupinda zilionyesha kuwa watu wa Amerika Kusini waliugua kifua kikuu karne nyingi kabla Columbus hajatia nanga mwaka 1492. Lakini bakteria wa ugonjwa huo walioenea Amerika leo ni jamaa wa karibu wa wale wa Ulaya. Basi hao wa kale waliambukizwa na nani?

Jibu lilitoka mwaka 2014 katika jarida la Nature. Watafiti, wakiwemo Kirsten Bos na Johannes Krause wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walitoa DNA ya bakteria kwenye mifupa ya watu watatu waliozikwa kusini mwa Peru yapata miaka 1,000 iliyopita. Miongoni mwa aina zote zinazojulikana, iliyokaribiana nayo zaidi haikuwa ya binadamu wala ya ng'ombe. Ilikuwa ya Mycobacterium pinnipedii, bakteria anayewaua sili na simba bahari.

Wanyama hawa huwinda majini lakini huzaa na kupumzika nchi kavu, wakiwa wamebanana ufukweni kwa mamia. Mmoja akikohoa, jirani yake anavuta hewa ileile. Mapafu na tezi hushambuliwa kama yetu, na mnyama hukonda hadi kufa. Ugonjwa umeonekana kwa sili na simba bahari wa mwituni huko Argentina, Uruguay, Australia na New Zealand.

Hesabu za mabadiliko ya DNA ziliwapa watafiti hao umri wa ukoo mzima wa kifua kikuu: chini ya miaka 6,000, na chimbuko lake likiwa Afrika. Wakati huo nchi kavu iliyounganisha Siberia na Alaska ilikuwa imezama zamani, kwa hiyo mgonjwa hakuweza kwenda Amerika kwa miguu. Maelezo yao ni kwamba sili waliupata ugonjwa kutoka kwa mnyama fulani wa Afrika, wakauvusha Atlantiki. Wakazi wa pwani ya Peru waliwawinda, wakawachuna na kula nyama yao. Kwangu hoja hii ina uzito, kwa sababu njia hiyo ya maambukizi bado iko wazi. Katika miaka ya 1980, mfunzaji wa sili huko Australia Magharibi aliugua mapafu kwa bakteria yuleyule aliyewapata sili wake. Baadaye huko Uholanzi, watunzaji waliambukizwa na simba bahari waliokuwa na ugonjwa huo.

Hata hivyo, kisa hakikuishia pwani. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamepata bakteria wa ukoo huohuo kwenye mifupa ya watu walioishi Peru na Kolombia kabla Wazungu hawajafika, mbali na bahari, wengine kwenye nyanda za juu za Kolombia. Si rahisi kuamini kwamba hao wote walikula sili. Yamkini bakteria alipanda bara kupitia wanyama wengine, au alianza kupita kati ya mtu na mtu. Ikiwa hilo la pili ndilo la kweli, ugonjwa wa sili uligeuka ugonjwa wa watu. Ni mifupa mingine ya bara, ya watu na ya wanyama, itakayoamua.