Cha Wote na cha Wachangiaji: Riziki ya Wasanii wa Mtandaoni Lubumbashi

Msanii anayeishi kwa kazi za mtandaoni ana hadhira mbili. Ya kwanza ni umati unaotazama, unaosikiliza na kusambaza bila kulipa. Ya pili ni kikundi kidogo cha wachangiaji wanaotoa fedha kila mwezi, au kila wanapoguswa, ili kazi iendelee. Wachangiaji wanastahili shukrani inayoonekana, na umati ndio unaoipa kazi jina. Msanii akifunga mno, jina hufifia. Akiacha yote wazi bila kuweka njia ya kuchangia, hukosa hata pesa ya kununua mega za intaneti za kurushia kazi yake. Kwa wachekeshaji, wanamuziki na wasimulizi wa Lubumbashi, mji mkuu wa Haut-Katanga, swali la kila siku ni kipi kibaki cha wote na kipi kiwe haki ya wanaochangia.

Mji huu ulikutana na swali hilo kabla ya intaneti. Kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa michezo ya kuigiza na vichekesho katika Kiswahili cha Lubumbashi, na lilifika majumbani kwa redio na televisheni. Mwaka 1986 lilitunga mchezo kuhusu msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeshuhudia utunzi wake, aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Umaarufu wa kundi hilo ulitokana na kusikika kote, kwa mwenye nacho na asiye nacho.

Wachoraji walikuwa na njia nyingine. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake waliuza picha za historia ya nchi kwa familia za mjini. Mnunuzi aliitundika picha sebuleni, na kila mgeni aliyekaribishwa aliitazama na kuizungumzia bila kutoa hata senti. Katika muziki wa Kongo kuna mabanga: mtu humlipa mwanamuziki ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Wimbo huo hupigwa katika kila baa na kila basi. Aliyelipa hakununua haki ya kuusikiliza peke yake. Alinunua heshima ya kutajwa. Kwa mchoraji na kwa mwanamuziki, fedha ilileta kitu cha kushikika au heshima, na kazi yenyewe ikabaki mali ya masikio na macho ya mji mzima. Huo ni msingi mzuri hata kwa msanii wa leo: mchangiaji apewe ukaribu na kazi, lakini kazi yenyewe isifungiwe wengine.

Mitandao ya leo ina vifaa vya kutenganisha hadhira hizo mbili. Patreon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013 na mwanamuziki Jack Conte pamoja na Sam Yam, humwezesha msanii kupanga madaraja ya uchangiaji, kila daraja na zawadi zake. YouTube ilipanua uanachama wa kulipia mwaka 2018. Mwanachama hupata alama pembeni ya jina lake, video za wanachama pekee, au nafasi ya kutazama kabla ya wengine. YouTube hubaki na asilimia 30 ya ada hiyo. Hata hivyo malipo ya YouTube hayapatikani katika kila nchi. Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya nchi ambazo wenye chaneli hulipwa na YouTube, lakini kwa miaka mingi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwemo. Tena majukwaa ya nje hutegemea kadi ya benki, kitu ambacho wakazi wengi wa Katuba, Kamalondo au Ruashi hawana.

Walicho nacho ni simu. Vodacom ilileta M-Pesa nchini Kongo mwaka 2012, na leo Airtel Money na Orange Money nazo zinatumika sana. Mtu huweka fedha kwa wakala wa mtaani, kwa faranga au kwa dola, kisha humtumia msanii moja kwa moja. Njia hii hukwepa makato makubwa ya majukwaa, lakini haikati mchango yenyewe kila mwezi. Msanii lazima awe na daftari la wachangiaji, awakumbushe kwa adabu, na kuwaweka katika kundi la WhatsApp ambamo zawadi zao hutumwa. Anayeshindwa kutunza daftari hupoteza wachangiaji ambao bado wanampenda.

Kuna wachangiaji wa aina ya pili: Wakongo walioko Ubelgiji, Ufaransa, Marekani au Afrika Kusini. Wana kadi za benki, na dola tano kwao si mzigo mkubwa. Hutafuta lugha ya nyumbani, vichekesho vya mtaani, sauti za soko. Kwa hiyo mara nyingi anayelipa yuko mbali, na anayetazama bure yuko jirani. Huyo jirani ndiye anayempa msanii misemo mipya, anayemcheka anapokosea lafudhi, anayeeneza kazi mpaka imfikie binamu yake Brussels. Kumfungia jirani ili kumridhisha aliye mbali ni kuharibu kitu kilekile ambacho aliye mbali anakilipia.

Vitu vinne vinafaa kubaki wazi. Cha kwanza ni kazi kuu: wimbo uliokamilika, kipindi kizima, kichekesho chenyewe. Cha pili ni habari za manufaa kwa jamii. Msimulizi anayeeleza jinsi ya kujikinga na kipindupindu, au anayetangaza kuwa barabara fulani haipitiki, hana haki ya kuuza maelezo hayo. Cha tatu ni kumbukumbu na lugha. Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliweka mtandaoni hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha Kongo inayosomwa bure. Humo kuna historia ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa majumbani. Andiko kama hilo likifungiwa wenye fedha, wajukuu wa wahusika wake hawataliona. Cha nne ni kazi za mwanzo za msanii, kwa kuwa mgeni huingilia hapo.

Vya kuwapa wachangiaji havikosekani. Kuna wakati: waone kipindi siku tatu au wiki moja kabla ya wengine. Kuna ukaribu: mazoezi, makosa yaliyokatwa, mazungumzo ya moja kwa moja ambamo maswali yao hujibiwa. Kuna jina: kushukuriwa mwishoni mwa video, desturi iliyo karibu sana na mabanga. Kuna vitu: fulana, picha iliyosainiwa, kiti cha mbele kwenye onyesho. Kuna pia sauti: kupiga kura juu ya mada ya kipindi kijacho. Hakuna hata kimoja kinachompunguzia mtazamaji wa bure utamu wa kazi.

Neno bure lenyewe linahitaji uangalifu. Video ya dakika ishirini yenye picha safi hula mega nyingi, na mega hununuliwa. Kwa kijana wa Lubumbashi, video hiyo si ya bure hata kama haina ada. Msanii anayejali hadhira yake hutoa toleo jepesi, au sauti pekee ambayo ni rahisi kutumiana kwa WhatsApp. Toleo zito la ubora wa juu linaweza kuwekwa kwa wachangiaji, ambao wengi wao wana intaneti ya nyumbani. Mgawanyo huu ni wa haki kwa sababu kila upande hupata kinachoufaa.

Hesabu nayo isisahaulike. Tuseme msanii ana watazamaji 2,000, na 40 kati yao wanachangia dola 2 kila mwezi. Hizo ni dola 80. Zikipitia jukwaa linalokata asilimia 30, hubaki dola 56. Akiahidi fulana kwa kila mmoja, fedha yote inaweza kuishia kwa fundi na kwenye usafirishaji. Zawadi nzuri ni ile ambayo kuitoa kwa watu 40 hakugharimu zaidi ya kuitoa kwa watu 10, kama vile rekodi ya mazoezi au shukrani kwa jina.

Hatari zinajulikana. Kufunga ghafla kilichokuwa wazi huwaudhi watu kuliko kutokitoa kabisa. Ni afadhali kuongeza kitu kipya kwa wachangiaji. Faili lililotumwa kwa wachangiaji linaweza kuvuja na kuzunguka WhatsApp. Sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 humlinda mwenye kazi, na shirika la SOCODA husimamia haki hizo, lakini kwa faili dogo la ziada kesi haina faida. Dawa ni kutoifanya siri iwe nguzo ya mapato. Majina na namba za simu za wachangiaji zisianikwe bila ruhusa yao. Na mchangiaji mkubwa, hasa mwanasiasa au mfanyabiashara, asiruhusiwe kununua maneno ya msanii. Mdhamini wa kipindi atajwe waziwazi, ili umma ujue nani analipa.

Gazeti The Guardian la Uingereza linaonyesha kwamba njia hii inawezekana hata kwa kazi kubwa. Liliacha tovuti yake wazi kwa wote, likaanza kuwaomba wasomaji mchango mwaka 2016, na kufikia mwishoni mwa 2018 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamelisaidia. Hawakuambiwa walipe ili waingie. Waliambiwa kwamba mchango wao unawawezesha wengine wasome. Ombi la namna hiyo linafaa Lubumbashi, ambako aliyepata hutarajiwa kuwakumbuka ndugu zake. Msanii aeleze kila miezi michache fedha ilivyotumika, na kila mapato yanapopanda, atoe hadharani jambo moja lililokuwa la wachangiaji. Hapo mchangiaji anajua kazi aliyoisaidia imefika wapi, na jirani anaendelea kutazama.