Kuishi na Tabianchi (2): Mwani na Maji ya Moto

Wiki iliyopita tulieleza tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi, na kwa nini mvua moja kubwa au kiangazi kimoja kikali haviwezi, peke yake, kuwa ushahidi wa kitu. Leo tunashuka pwani, mashariki ya kisiwa cha Unguja, kwenye vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani. Huko kuna kazi ambayo imeishi na joto la bahari kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu kabla wengi wetu hatujaanza kulijadili neno tabianchi. Kazi hiyo ni kilimo cha mwani.

Tumezoea kusimuliwa mabadiliko ya tabianchi kwa matukio makubwa: mafuriko, vimbunga, ukame unaoua mifugo. Kwa mkulima wa mwani hayakuja hivyo. Hakuna siku anayoweza kuitaja akasema ndiyo siku yalipoingia kijijini. Yalimjia kwa sura ya kazi. Kwanza kazi iliongezeka na kipato kikabaki palepale, kisha ikaanza kuhamia mahali ambapo yeye hafiki.

Mmea usio na mizizi

Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa kuletwa. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka ya 1970 na 1980 kuuchunguza mwani wa pwani yetu na kuihimiza nchi iulime. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zilikuwa aina mbili, ambazo wakulima huziita spinosamu na kotonii. Zote mbili hutoa karajinani, kitu kinachogandisha na kuzuia vimiminika visijitenge. Kimo ndani ya dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya chokoleti na nyama za makopo. Kotonii hutoa karajinani inayoganda ikawa ngumu, na kwa sababu hiyo bei yake kwa kawaida ni mara mbili ya spinosamu au zaidi.

Mwani hauna mizizi. Hunywa chakula chake kutoka majini kwa mwili mzima, ndiyo maana hauhitaji udongo bali kamba. Mkulima hupigilia vigingi viwili mchangani, huvuta kamba kati yake, na kila baada ya shibiri moja hufunga kipande cha mwani kwa uzi mwembamba wa tai-tai. Baada ya wiki sita hivi kipande hicho kimekuwa kichaka. Huvunwa, matawi machache hubakizwa kuwa mbegu, na yaliyobaki huanikwa. Kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja kavu, na malipo ni kwa kilo kavu.

Kwa kuwa hupandwa kwa vipande, kama muhogo unavyopandwa kwa pingili, mwani wa shamba zima ni nakala za mmea mmoja au michache. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa faida, kwani mbegu ilikuwa ya bure na tabia yake inajulikana. Lakini mimea inayofanana hivyo huwa na udhaifu uleule. Joto linaloushinda mmea mmoja huishinda na yote iliyo jirani.

Saa nne asubuhi

Ili kuelewa kinachotokea, tuangalie jinsi maji yanavyokwenda. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika siku hizo, huku visiwani, maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Maana yake ni kwamba kupwa kwa chini kabisa kwa mchana huangukia saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda.

Ndizo saa za kazi. Wanawake huingia maji yanapoanza kutoka, hufanya kazi kwa saa tatu au nne, na hutoka yanaporudi. Ndizo pia saa ambazo maji yaliyobaki ndani ya mwamba huwa machache, yametulia, na yanapigwa na jua. Mwani hustawi vizuri katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Kwenye madimbwi ya kina kifupi, msimu wa kaskazi, joto la maji linaweza kupita nyuzijoto 35.

Mtu atasema: jua limekuwa likiyachemsha madimbwi haya tangu enzi na enzi. Ni kweli. Kilichobadilika ni bahari inayoyajaza. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, umeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzijoto 1 tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingine za bahari za kitropiki. Kwa mtu anayeoga, nyuzi moja si kitu. Kwa mmea ulioishi karibu na kikomo chake kila kaskazi, nyuzi hiyo ndiyo inayouvusha. Matumbawe ya ukanda huu yalionesha jambo hilohilo yalipopauka kwa wingi mwaka 1998, na tena 2016 na 2024.

Ukiushika mwani wenye afya, tawi lake ni gumu na linavunjika kwa mlio, kwa kuwa limejaa maji ya kutosha. Ulioshindwa na joto huanza kuonesha doa jeupe katikati ya tawi. Doa hilo husambaa, sehemu hiyo hulegea, na baada ya siku chache tawi hukatika palepale na kuondoka na maji. Mkulima anarudi kwenye bamvua inayofuata na kukuta tai-tai zimeshika vishina. Si ugonjwa wa kiini kimoja kinachoweza kupigwa dawa. Mmea ukichoka kwa joto, au kwa maji baridi ya mvua yaliyopunguza chumvi, bakteria ambao kwa kawaida hawaudhuru hupata mlango. Pamoja nao huja majani laini kama nywele yanayojizungusha kwenye matawi na kuyanyima mwanga, na mengine huwawasha ngozi wanaoyashika.

Kotonii ndiyo iliyoshindwa kwanza. Katika muongo wa kwanza wa karne hii ilikufa mara kwa mara katika vijiji vingi, na wakulima wengi wakaiacha. Walibaki na spinosamu, inayovumilia zaidi na inayolipa kidogo. Katika takwimu za tani hasara hiyo haionekani vizuri, kwa sababu mwani uliendelea kutoka. Ilionekana nyumbani, kwenye ada za shule na kwenye nyumba iliyoishia kwenye linta.

Mafundo elfu moja

Tuseme mkulima ana kamba hamsini, kila moja ina mafundo ishirini. Hayo ni mafundo elfu moja, na kila fundo limefungwa kwa mkono, mtu ameinama, maji yakiwa magotini. Nusu ya mwani ukifa, mafundo mia tano yafungwe upya. Mbegu itafutwe kwa jirani, na jirani naye akiwa amepoteza, iagizwe kijiji kingine. Wiki sita zinaanza kuhesabiwa tena kutoka sifuri.

Ugumu haukomi majini. Kuanika nako kunataka jua la siku mbili au tatu mfululizo. Zamani mtu aliweza kuipanga kazi yake kwa misimu: masika hakuna cha kuanika, kipupwe anika kwa amani, mvua ya mchoo ikija ni ya kupita. Sasa mvua huanguka nje ya zamu yake. Mwani ulionyeshewa ukiwa umeanikwa hupoteza rangi na kuvunda, na mnunuzi ataukataa au ataushusha bei. Kwa hiyo kuna kuanua, kufunika na kuanika tena, na usiku kuna kusikilizia kama matone yameanza kugonga bati.

Hapa ndipo pa kuangalia nani anabeba nini. Kwa miaka mingi utaratibu wa biashara hii ulikuwa kwamba kampuni inayosafirisha humpa mkulima kamba na tai-tai, naye huiuzia kampuni hiyo mwani uliokauka. Mpango huo ulimwezesha asiye na mtaji kuanza. Lakini kwa kuwa malipo ni kwa kilo kavu iliyofika mizanini, kila kilichokufa majini, kilichochukuliwa na mawimbi ya kusi au kilichovunda ufukweni ni hasara ya mkulima peke yake. Bahari ilipotulia, utaratibu huo haukuumiza sana. Bahari ilipobadilika, gharama yote ya mabadiliko hayo ilimwangukia yeye, bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua hivyo.

Na mkulima huyo, mara nyingi, ni mwanamke. Kilimo cha mwani Zanzibar kimewaajiri watu zaidi ya 20,000, na sehemu kubwa kabisa ni wanawake. Wanaume wengi walikiacha mapema kwa sababu malipo yalikuwa madogo, wakarudi kwenye uvuvi au wakaenda hotelini. Lazima niseme pia kwamba joto si sababu pekee ya wengine kuacha. Bei ilikaa chini kwa miaka mingi, na ufukwe wa Paje uliokuwa wa vigingi sasa unagombaniwa na hoteli na watalii wanaoteleza majini kwa tiara. Pemba, yenye ghuba nyingi na hoteli chache, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Joto liliikuta kazi iliyokwisha kubanwa.

Kuelekea kina

Dawa inayopendekezwa inaeleweka kwa haraka. Kama maji mafupi yana moto, mwani upelekwe kwenye maji marefu yenye baridi zaidi. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari na ambaye ameutafiti mwani huu kwa miongo kadhaa, amefanya majaribio na wakulima ya nyavu za mfano wa bomba. Mbegu hujazwa ndani ya wavu huo, ukaelea ukiwa umefungwa kwa nanga na maboya. Kwa njia hiyo hata kotonii inaweza kukua tena, na tawi likikatika hubaki ndani ya wavu.

Kisayansi jibu hilo ni sahihi. Lakini Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka mwani siku hizi sharti aelee, na wanawake wengi wa vijiji hivi hawajui kuogelea. Si kwa uzembe. Msichana hakufundishwa, mavazi hayakumruhusu, na kazi yake siku zote ilikuwa ya maji ya magoti. Shamba la kina kirefu linataka dau au ngalawa, na vyombo ni vya wanaume. Linataka fedha za nyavu, kamba nene na nanga kabla ya kilo ya kwanza kuuzwa. Linataka pia mtu wa kwenda kulitazama bahari ikichafuka. Kila sharti kati ya hayo lina ufumbuzi, lakini mkusanyiko wake humfanya mwenye shamba la jana awe kibarua wa shamba la leo, au abaki nje kabisa.

Mifano ya kuyavuka masharti hayo ipo. Jambiani wako wanawake walioingia katika ufugaji wa sifongo za baharini, kazi inayofanywa kwenye kina, na kujifunza kuogelea kukawa sehemu ya kujifunza kazi. Kwingine, kama Kidoti na Paje, wanawake walichukua njia tofauti: kilo zikipungua, thamani ya kila kilo ipande. Wanausaga mwani kuwa unga, wanatengeneza sabuni na mafuta ya kupaka. Gunia moja la mwani linalotosha sabuni nyingi halihitaji shamba la mafundo elfu. Hata hivyo, soko kubwa la sabuni hizo ni mgeni anayepita, na mwaka 2020, wageni walipokoma kuja, soko nalo lilisimama.

Ndiyo maana nasema mpango wowote wa kuhimili tabianchi usipimwe kwa ubora wa teknolojia peke yake. Uulizwe maswali matatu. Je, kifaa kipya kitamilikiwa na nani, kwa hati ya nani? Mafunzo yanaanzia pale mtu alipo, au pale mtaalamu anapodhani yupo? Na mazao yakifa kabla ya kufika mizanini, hasara itagawanywaje? Boti iliyosajiliwa kwa jina la kikundi cha wanawake, miezi ya kujifunza kuogelea inayolipiwa ndani ya mradi, ghala la mbegu kwenye maji ya baridi ambako kijiji kizima kitachota baada ya kaskazi kali, na mkataba unaomrudishia mkulima sehemu ya gharama za mbegu zilizokufa: hayo si mambo ya ajabu, na hakuna hata moja linalosubiri uvumbuzi mpya. Yanasubiri mtu wa kuyaandika kwenye bajeti.

Kwenye meza za mikutano ya kimataifa hesabu ya tabianchi hufanywa kwa nyuzijoto na mabilioni ya dola. Hesabu hizo ni za lazima, na nchi zilizochafua hewa kwa karne mbili zina deni la kulipa. Lakini fedha hizo zitakapofika, zikifika, zitapita kwenye mikono ya watu walewale wenye vyombo na hati, tusipokuwa tumeamua mapema vinginevyo. Maamuzi hayo ni yetu, na hayahitaji ruhusa ya mkutano wowote.

Wiki ijayo tutahama ufukweni na kuingia mashambani, kwenye visima vilivyokuwa vitamu ambavyo sasa vina ladha ya chumvi, na tutaeleza maji ya bahari yanapita wapi hadi kuvifikia.